Wadudu wa Mzee Nathanaeli

"Amepata choo?"

Hilo ndilo neno la kwanza alilolitamka Dokta Penina Kaaya baada ya kutolewa mahabusu na kuketishwa mbele ya Inspekta Lemomo. Hakuomba maji. Hakuuliza kama ndugu zake wamekuja. Koplo Silantoi, aliyesimama mlangoni, alifunika mdomo kwa kiganja.

"Nani?" Lemomo aliuliza.

"Mzee Nathanaeli. Tangu alazwe Jumamosi, amepata choo?"

"Dokta, umekamatwa kwa kumdunga mgonjwa sindano iliyotaka kumuua. Kesho asubuhi unapandishwa mahakamani. Hapa anayeuliza ni mimi."

"Uliza basi. Lakini mpigie nesi umuulize na hilo."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Nathanaeli alikuwa mkulima wa kahawa na migomba juu kule Kikatiti. Figo zake zilikuwa mbovu kwa miaka, ila alikuwa anatembea, anapogoa kahawa yake, na Jumapili anakwenda kanisani kwa miguu. Penina alikuwa akifanya utafiti wa wagonjwa wa figo katika kliniki ndogo pale Sakina, na mzee alikuwa mmoja wao. Jumapili ya wiki iliyopita alipanda kwenda kumwona nyumbani. Jumamosi mzee akaanguka. Hospitali wakakuta figo zimegoma kabisa, na kwenye paja la kushoto kuna uvimbe mgumu wa sindano. Mdogo wake, Sifaeli, akashuka kituoni na kusema sindano ile alidungwa na Penina, dawa ya majaribio.

"Ulimdunga?" Lemomo aliuliza.

"Sijawahi kumdunga. Mgonjwa wangu simpi sindano. Nampa unga wa nyuzinyuzi, anakoroga kwenye uji."

"Wa kazi gani?"

"Wa kulisha bakteria walioko tumboni mwake."

Silantoi alicheka wazi safari hii. "Dokta, mgonjwa ana njaa, wewe unalisha bakteria!"

"Hata wewe unao, Koplo. Wengi kuliko watu wa Arusha yote." Penina hakucheka. Alimgeukia Lemomo. "Sikiliza, Afande. Tumboni kuna bakteria wa kila namna. Wapo wanaokula mabaki ya nyama na mayai, wakishakula wanatoa sumu. Wewe mwenye figo nzima unaikojoa. Mzee hawezi. Sumu inabaki kwenye damu yake, inarudi kuzila figo zilezile. Choo kikikaa siku nyingi ndiyo inazidi. Ndiyo maana nauliza habari za choo mpaka watu wananiita Dokta Choo. Sasa wapo bakteria wengine, hao wanakula nyuzinyuzi na hawana shida. Nikiwalisha hao wakaongezeka, wale wabaya wanakosa nafasi. Sijasema ni tiba. Ni utafiti. Lakini damu ya mzee ilikuwa haijazidi kuharibika tangu tuanze."

"Na sasa imeharibika."

"Kwa sababu kuna mtu amewaua." Alisogeza kiti. "Alhamisi Sifaeli aliniletea sampuli ya choo cha mzee. Tuliipima Ijumaa. Ilikuwa kama shamba lililochomwa moto. Wazuri wamekufa, wabaya wamekufa. Chakula hakifanyi hivyo, Afande. Hiyo ni antibiotiki, tena kali. Na zipo antibiotiki ambazo mtu mwenye figo mbovu akipewa, figo zinakwisha. Nilimpigia Sifaeli jioni ileile. Nikamwambia kama kuna dawa mnampa mzee, acheni, mleteni hospitali usiku huu."

"Akasema?"

"Akasema hakuna dawa. Wakamleta kesho yake, ameshaanguka."

Lemomo alifunua ukurasa wa maelezo. "Sifaeli anasema wewe ndiye uliyewaambia mzee ana wadudu tumboni."

Penina alifumba macho. "Nilisema. Siku ya kwanza kabisa, ili wanielewe. Mama Hanna, mke wake mzee, akaniuliza, basi tumnunulie dawa ya minyoo? Nikajua nimekosea. Tangu siku ile nawaita wenyeji. Nikawaambia, hawa ni wenyeji wa tumbo, tunawalisha, hatuwaui. Muulize mzee mwenyewe akiamka. Yeye ndiye aliyenishika siku ya ubatizo wangu. Baba yangu alipokufa, yeye ndiye aliyenisindikiza shuleni. Hawezi kuniacha humu."

"Nitamuuliza," Lemomo alisema.

*

Nyumba ya Mzee Nathanaeli ilikuwa juu ya barabara, katikati ya migomba, pamoja na banda la ng'ombe lenye sakafu ya saruji. Sifaeli aliwapokea bandani. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mikono mikubwa, buti za mpira. Pale kijijini ndiye aliyekuwa akiitwa ng'ombe wa mtu akiugua. Hakusomea. Alijifunza kwa kutazama.

"Shikamoo, mzee," Lemomo alisema.

"Marahaba. Mmeshamfunga yule?"

"Bado. Naangalia tu."

Ndani ya banda mlikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye baka jeupe usoni, aliyeitwa Mzungu, na mtamba ambaye hajazaa. Lemomo alitembeza macho. Kwenye mtambaapanya, ile boriti iliyo juu ya hori, palikuwa na bomba la sindano na chupa ya dawa. Aliichukua. Ilikuwa antibiotiki ya mifugo, ile ya rangi ya chai, na ilikuwa imebaki kidogo chini.

"Hii ya nani?"

"Ya Mzungu. Alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Nilimdunga Alhamisi."

"Amepona?"

"Si unamwona? Anacheua."

"Kaka yako alikuwa anajua habari za wadudu?"

"Wadudu ndio waliokuwa wanamla!" Sifaeli alisema kwa hasira. "Yule binti alikaa pale sebuleni akatwambia kwa mdomo wake, wadudu wako tumboni, wanatoa sumu, sumu inakula figo. Mtu anajua wadudu wanakula mtu, halafu anawapelekea unga! Sasa huyo ni daktari au ni adui?"

"Halafu akamdunga."

"Akamdunga. Jumapili, baada ya ibada."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa nje. Kaka ndiye aliyeniambia."

Lemomo aliirudisha chupa mahali pake, akaishika tena, akampa Silantoi. Kisha akaenda jikoni.

Mama Hanna alikuwa amechoka usoni, lakini mgeni haondoki kwake bila kitu. Alikuwa akisaga loshoro kwenye chungu, mahindi na ndizi. Alichukua kibuyu, akakitikisa, akamimina maziwa ya mgando. Yalishuka kwa mabonge, mazito, yakitoa harufu ya moshi wa kijinga cha moto kilichosugua kibuyu ndani.

"Kula, baba," alisema. "Najua ninyi Waarusha mnadhani loshoro ni yenu."

"Ni yetu, mama. Mlituibia mlipokuja kununua mbuzi."

"Mbuzi wenyewe mlituuzia wagonjwa." Mama Hanna alitabasamu mara moja tu, kisha akakumbuka. "Mzee wangu vipi?"

"Wanamsafisha damu. Nesi anasema amefungua macho." Lemomo alikula kijiko kimoja, akakishikilia kinywani. "Mama, haya ni maziwa ya wapi?"

"Ya hapahapa. Ya Mzungu. Nitanunua maziwa mimi?"

"Uliyamimina lini?"

"Ijumaa asubuhi yalipokamuliwa. Nikaongezea ya jioni. Jumamosi ndiyo tukaondoka na mzee, sikugusa tena. Nimerudi jana nimekuta yameganda vizuri. Hata nikalia, maana yeye ndiye anayeyapenda."

"Mzungu alikuwa mgonjwa wiki iliyopita?"

"Mgonjwa? Sijasikia. Mimi ndiye ninayekamua, baba. Kiwele cha ng'ombe mgonjwa nakijua kwa mkono."

Lemomo alimaliza bakuli. Aliomba kukiazima kibuyu. Mama Hanna alishangaa, akampa.

Sifaeli alikuwa bado bandani, anatupa majani kwenye hori.

"Mzee," Lemomo alisema, "baba yangu alifuga ng'ombe huko Oldonyosambu. Tulikuwa na sheria moja. Ng'ombe akishadungwa dawa ile, maziwa yake hayaendi kwenye kibuyu siku kadhaa. Unajua kwa nini?"

Sifaeli alichota majani mengine.

"Hayagandi. Unayaweka leo, kesho, keshokutwa, yanabaki maji maji tu, halafu yananuka. Kinachogandisha maziwa kimeuawa na dawa. Wewe unadunga ng'ombe wa kijiji kizima. Unawaambia watu hivyohivyo kila siku."

"Hutokea yakaganda."

"Haya yameganda kama ugali. Ya Ijumaa. Na unasema ulimdunga Alhamisi. Dawa ya kwenye chupa ilikwenda wapi?"

"Basi nilimdunga mtamba. Nimesahau."

"Mtamba ana ugonjwa wa kiwele?" Silantoi aliuliza. "Hajazaa hata siku moja!"

Sifaeli aliweka majani chini. Alijifuta mikono kwenye suruali, polepole, kila kidole. Alipoinua uso hakuwa na hasira tena. Alikuwa na uhakika.

"Twendeni hospitali," alisema. "Kaka amefungua macho, si ndiyo? Muulizeni yeye. Kaka akisema ni Sifaeli, nifungeni pingu palepale. Akisema ni yule binti, mniache nirudi kwenye ng'ombe wangu."

*

Mzee Nathanaeli alikuwa amelala chali, mrija shingoni, midomo imekauka. Alikuwa mwembamba kuliko picha iliyokuwa ukutani kwake. Nesi aliwapa muda mfupi. Sifaeli alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Lemomo, natoka polisi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ndogo lakini safi.

"Una uvimbe pajani. Nani alikudunga sindano?"

Mzee aligeuza macho. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Sifaeli alitazama sakafu. Silantoi alishika kalamu akasubiri.

"Penina," mzee alisema.

Sifaeli alivuta pumzi.

Lemomo hakusogea. "Penina yupi?"

"Mtoto wetu. Dokta. Alikuja Jumapili."

"Alikudunga wapi? Kitandani, sebuleni?"

"Chumbani. Nimelala."

"Mama Hanna alikuwepo?"

"Alikuwa jikoni."

"Sindano yenyewe ilikuwa inauma?"

"Iliuma sana. Bomba kubwa. Dawa kama chai."

"Mtu akidungwa, daktari humwambia neno. Pole, vumilia, kitu kama hicho. Penina alikuambia nini?"

Mzee alilamba midomo. Alichoka, na mtu aliyechoka anachukua lililo karibu.

"Alisema nivumilie. Alisema kwa sindano hii wadudu watakufa wote, nitapona."

Mashine iliendelea kulia taratibu.

"Wadudu watakufa wote," Lemomo alirudia. "Koplo, umeandika?"

"Nimeandika, Afande."

"Mzee, Penina anawaitaje hao wadudu?"

Mzee aligeuzia uso ukutani.

"Nimeongea naye asubuhi hii. Kazi yake yote ni kuwalisha. Anawaita wenyeji. Mtu anayewapelekea unga kila mwezi, akapanda mlima wako Jumapili, akakwambia nawaua wote?" Lemomo alimgeukia Sifaeli. "Katika nyumba yenu, nani alitaka wadudu wafe?"

Sifaeli alikunja kofia. "Nilitaka apone," alisema. "Afande, nilitaka apone tu. Yule binti alisema wadudu ndio wanamuua. Mimi wadudu nawajua. Ng'ombe akiwa na wadudu unamdunga, kesho anasimama. Nikamwambia kaka, huyu mtoto anaogopa, mimi siogopi. Kaka akakubali. Nikamdunga Jumatatu, nikarudia Jumatano."

"Ijumaa Penina akakupigia simu."

"Ndiyo."

"Akakuambia nini?"

"Kama kuna dawa, acheni. Mleteni."

"Ukasema hakuna."

"Niliogopa."

"Hukumleta."

"Nilidhani atalala, ataamka mzima."

"Kumdunga lilikuwa kosa la mjinga," Lemomo alisema. "Wajinga ni wengi, siwafungi wote. Lakini ulipojua, ulimwacha kaka yako alale usiku mzima na sumu ile. Halafu ukashuka kituoni kwa miguu yako, ukataja jina la mtu aliyekupigia simu akuokolee ndugu. Hilo unaliitaje?"

Sifaeli aliiachia kofia ikaanguka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, ambacho kilikuwa tupu, akaanza kulia kwa sauti ya kukwaruza. Silantoi alimwinua kwa kiwiko.

"Mwache," Mzee Nathanaeli alisema. "Afande, mwache ndugu yangu."

"Na Penina?"

"Penina amesoma. Ana watu. Atapata wakili, atatoka. Sifaeli akifungwa, amekwisha. Nani atamkatia Mzungu majani? Nani atanizika?" Alikohoa. "Ndugu mui heri kuwa naye."

"Ulijua akipelekwa mahakamani kwa maneno yako anaweza kufungwa miaka?"

Mzee alifumba macho. Lemomo alisubiri. Nesi aliingia akasema muda umekwisha, na mzee hakuyafungua tena mpaka wakaondoka. Lakini hakuwa amelala. Kope zilikuwa zinatetemeka.

Kwenye korido Silantoi alifunga pingu. Wanawake waliokuwa wakingojea ndugu zao walisogea ukutani kuwapisha. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mmoja, bila kujua habari yoyote, kwa kuwa aliona pingu na mzee anayelia.

*

Jua lilikuwa bado liko juu ya mtaa wa Ngarenaro Penina alipotolewa. Alirudishiwa simu, mkanda na viatu. Alivaa kiatu kimoja, akabaki na kingine mkononi.

"Ni nani?" aliuliza.

"Sifaeli. Dawa ya ng'ombe. Alitaka kuwaua wadudu."

Penina alitikisa kichwa taratibu. "Lile neno. Ni langu."

"Neno lilikuwa lako. Sindano ilikuwa yake, na uongo ulikuwa wake."

"Mmejuaje?"

Lemomo aliweka kibuyu mezani. "Huyu ndiye shahidi wa kwanza. Maziwa ya ng'ombe anayesemekana alidungwa Alhamisi. Yameganda."

Penina alifungua kizibo, akanusa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulilegea. "Wenyeji," alisema. "Wako hai." Akafunga. "Na shahidi wa pili? Mzee aliamka?"

"Aliamka."

"Akasema?"

Silantoi alijifanya kupanga mafaili. Lemomo alikuwa na njia nyingi za kulisema. Aliichagua iliyo fupi, kwa sababu maelezo yalikuwa yameandikwa na angeyasikia mahakamani.

"Alisema ni wewe."

Penina alisubiri, kama mtu anayedhani sentensi haijaisha.

"Alikuwa amechanganyikiwa," alisema. "Sumu ikipanda, mgonjwa anachanganya watu. Inatokea sana."

"Hakuchanganyikiwa. Aliitaja Jumapili, akataja chumba. Nilipomuuliza kwa nini, alisema wewe umesoma, utatoka. Ndugu yake hatatoka."

Aliinama kuvaa kiatu cha pili. Kamba ilikuwa imefungwa fundo, akalihangaikia kwa kucha. Ilimchukua muda. Silantoi alitaka kumsaidia, Lemomo akamzuia kwa jicho. Fundo lilipofunguka Penina alifunga kamba vizuri, akavuta, akakaa akiitazama.

"Siku ya kipaimara changu," alisema, "alisimama nyuma yangu. Mkono wake ulikuwa hapa." Aligusa bega la kulia.

Alisimama, akachukua mkoba, akaenda mpaka mlangoni. Nje, ndugu zake walikuwa wamemwona na mama mmoja alikuwa ameanza kupiga vigelegele. Penina aligeuka.

"Ulimpigia nesi?"

"Kuhusu nini?"

"Choo, Afande. Amepata choo?"

"Sikuuliza," Lemomo alisema.

"Nilikuambia uulize." Alitoa simu yake, akaiwasha, akaanza kutafuta namba ya wodi, huku machozi yakidondoka kwenye kioo na kumzuia kusoma.